Franco Luambo Makiadi na bei ya kazi: somo kwa vijana wetu wa kamera



Hapa kwetu Bukavu, toka Kadutu mpaka Nguba, vijana wenye kamera wameongezeka. Siku ya posho wanapiga picha za ndoa, katikati ya wiki wanatengeneza klipu za wanamuziki, na ile siku shirika fulani linawaita wanapiga filamu fupi kuhusu maji, lishe ao amani. Kazi wanaijua. Lakini mteja akiuliza tu bei ni ngapi, kijana anababaika. Anaogopa kutaja kubwa asikimbize mteja, basi anataja ndogo. Kisha analala macho wazi akifanya montaji usiku wa tatu, umeme unakatika, na anagundua kama ile franga imeisha kwa moto na mafuta ya jenereta.

Tumetafuta mtu ambaye maisha yake yanaweza kutusaidia kufikiri juu ya jambo hilo. Tumemkuta karibu sana. Hakuwa mtu wa sinema, alikuwa mtu wa gitaa. Lakini alianza akiwa mdogo, bila shule ndefu, bila baba, na kitu kimoja tu cha kuuza: vidole vyake. Ni Franco Luambo Makiadi, yule wazazi wetu wanamwita Grand Maître.

Mtoto wa mama muuza mandazi

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, katika Bas-Congo. Jina lake la ubatizo lilikuwa François. Baba yake alifanya kazi kwenye reli. Familia ilihamia Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, na mama yake akawa anauza mandazi sokoni upande wa Ngiri-Ngiri, yale watu wa kule wanaita mikate.

Mwaka 1949 baba alikufa. Franco alikuwa na miaka 11 hivi. Feza ya shule ikakosekana, na shule ikaishia pale. Gitaa alikuwa amekwisha kulizoea, gitaa la kujitengenezea mwenyewe, mbao na nyuzi za kuokoteza. Alikaa karibu na meza ya mama yake akapiga. Watu wakasimama kusikiliza, na mtu aliyesimama mbele ya mandazi ya moto ni vigumu aende bila kununua.

Tusiipite hii haraka. Ile ilikuwa kazi yake ya kwanza, na haikuwa na mshahara. Hata hivyo ilikuwa na faida iliyoonekana kwa macho: sahani ya mama ilimalizika mapema kuliko za majirani. Mtoto yule alijifunza kitu ambacho vijana wengi wa kamera hawajakijua bado, kwamba sanaa yake inaletea mtu mwingine franga. Ukijua unamletea mteja nini, unaweza kuanza kuzungumza bei.

Mtaani alimpata mwalimu, Paul Ebengo, ambaye wote wanamjua kwa jina la Dewayon. Dewayon alikuwa na gitaa la kweli na alimfundisha. Wakaunda kikundi kidogo kilichoitwa Watam, wakapiga kwenye sherehe za mitaani.

Mkataba wa miaka kumi

Wakati ule studio za muziki za Léopoldville zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni, wengi wao Wagiriki. Walikuwa wanauza vitambaa na vitu vya dukani, kisha wakaona kama diski pia zinauzwa. Mmoja wao, Papadimitriou, alikuwa na studio ya Loningisa. Mpiga gitaa Henri Bowane, aliyekuwa mkubwa wa wasanii pale, alimsikia yule kijana, akampenda, na jina la Franco likatokea mikononi mwake.

Mwaka 1953 Franco akiwa na miaka 15 akapewa mkataba na Loningisa. Mkataba wa miaka kumi. Akapewa na gitaa la kisasa la kupigia.

Jiweke mahali pake. Mtoto yatima, mama anauza mandazi, na hapa kuna mtu anakupa gitaa ambalo hujawahi kuligusa. Nani angekataa? Hatuko hapa kumcheka. Lakini tutazame vile biashara ile ilivyokuwa. Kwa kawaida studio ilimlipa mwanamuziki kiasi fulani kwa kila wimbo aliorekodi, na mambo yakaishia hapo. Diski ikiuzwa mia ao elfu, faida ilibaki kwa mwenye studio. Vyombo navyo vilikuwa vya studio: gitaa, saksafoni, maikrofoni. Ukigombana na patroni, unatoka na nguo zako tu.

Kwa lugha ya kazi ya kamera leo, Franco alikuwa ameuza vitu vitatu kwa pamoja: siku zake za kazi, haki ya nyimbo zake, na uhuru wa kufanya kazi kwa mwingine. Na vyote vitatu vililipwa bei moja. Kijana wetu akipiga filamu ya shirika, naye anauza vitu vitatu: siku za kupiga, picha zenyewe zitakazotumika miaka na miaka, na pengine ahadi ya kutowapa wengine picha zile. Asipovitenganisha wakati wa kuongea, atalipwa kimoja na kutoa vyote.

OK Jazz

Kazi ilimkomaza haraka. Diski zake zikajulikana, na vijana waliokuwa wanarekodi naye wakaitwa Bana Loningisa, watoto wa Loningisa. Siku za mwisho wa wiki walipiga katika baa ya bwana mmoja aliyeitwa Oscar, Baa OK. Hapo mwezi wa Juni 1956 ikazaliwa orkestra ya OK Jazz. Franco hakuwa bado na miaka 18. Pamoja naye walikuwa watu kama Vicky Longomba na Jean Serge Essous.

Hata mwaka haujapita vizuri, wengine walishatoka. Essous na mwimbaji Rossignol walifuata studio mpya, Esengo, iliyokuja na masharti mazuri zaidi. Mji mzima ukaona jambo moja: studio zikiwa mbili ao tatu, mwanamuziki anaweza kuuliza. Ikiwa moja, anapokea tu. Franco yeye alibaki, mkataba wake ulikuwa bado.

Anayefungua mlango

Aliyefungua mlango hakuwa Franco, alikuwa mpinzani wake. Mwezi wa Januari 1960 wanasiasa wetu walikwenda Brussels kwenye Table ronde kuzungumza uhuru. Joseph Kabasele, Grand Kallé, alikwenda pia na wanamuziki wake wa African Jazz, akiongeza Vicky na Brazzos wa OK Jazz. Ndiko ulikotoka ule wimbo wa uhuru ambao Afrika nzima iliucheza.

Kabasele alirudi na kitu kikubwa kuliko wimbo. Akafungua lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, na diski zikatengenezwa Ulaya kwa mapatano aliyoyafanya yeye. Sasa mwanamuziki Mkongomani hakuwa tena mtu wa kulipwa kwa wimbo mmoja mmoja, alikuwa mwenye mali. Na hakujifungia peke yake: mwaka 1961 OK Jazz nao walikwenda Brussels kurekodi kwa lebo ile. Kisha Franco na Vicky wakapata lebo yao, Epanza Makita. Baadaye Franco akafungua nyingine, kati yake Boma Bango, na mwaka 1968 Editions Populaires.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa ameuza miaka kumi kwa gitaa moja, kabla hajafika miaka 25 alikuwa anajua njia nzima ya wimbo, toka kidole mpaka dukani: nani anarekodi, nani anatengeneza diski, nani anauza, na kila mmoja anachukua ngapi. Diski zake zikavuka maziwa, zikafika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Yeye naye akawa patroni

Hapa ndipo wengi wanaosimulia maisha ya Franco wanapenda kunyamaza. Sisi tutasema.

Mwaka 1963 wanamuziki wa Kabasele, pamoja na Docteur Nico na Tabu Ley Rochereau, walimwacha wakaunda African Fiesta. Feza ilikuwa moja ya sababu. Yule aliyewafungulia wenzake mlango aliambiwa na watu wake mwenyewe kwamba ndani ya nyumba mgawo si mzuri.

Franco hakuponea. Mwaka 1969 mpiga saksafoni wake Verckys Kiamuanganana alitoka. Alikuwa amekwisha kuanza kurekodi pembeni kwa lebo yake, akitumia wanamuziki wa OK Jazz, na hilo lilizaa ugomvi. Verckys akaunda orkestra yake ya Vévé na akawa tajiri wa muziki. Mwaka uliofuata Vicky Longomba naye akaenda. Kwa miaka yote iliyobaki, OK Jazz ilikuwa kama gare ya basi: wanamuziki wakubwa wanaingia, wanatoka, wengine wanarudi.

Katika miaka ya 70 orkestra iliitwa TP OK Jazz, yaani Tout Puissant, na ilikuwa na watu zaidi ya 30. Lisha watu wote hao, wavalishe, wasafirishe. Franco alikuwa na baa na jumba lake la Un-Deux-Trois pale Matonge. Alikuwa mkubwa wa umoja wa wanamuziki wa Zaïre. Na wakati wa ile sera ya Zaïrianisation, iliyotangazwa na Mobutu mwisho wa mwaka 1973, akapewa Mazadis, kiwanda kikubwa cha kutengeneza diski. Mtoto aliyekuwa anapigia mandazi ya mama alikuwa ameshika mlango ambao kila mwanamuziki alipaswa kupita. Malalamiko yakasikika kwamba diski za mwenye kiwanda zinatangulia za wengine.

Hatusemi hivyo kumchafua marehemu. Tunasema sababu jambo hili liko hapa kwetu pia. Kijana anayelia kwamba shirika limemlipa vibaya, kesho anamchukua rafiki yake amshikie taa na maikrofoni kutwa nzima, jioni anampa soda na nauli ya moto. Bei ya haki haina upande mmoja. Ikiwa unataja bei kwa mteja, weka humo na bei ya mtu anayekusaidia.

Wimbo wa magari na kamera za mwaka 1974

Mambo mawili ya miaka ile yanawahusu moja kwa moja watu wa picha.

La kwanza ni wimbo wa Azda, wa mwaka 1973 hivi. Azda ilikuwa kampuni iliyouza magari ya Volkswagen, na Franco akaiimbia. Ule wimbo ukachezwa mpaka nchi za mbali ambazo kampuni yenyewe haikufika. Tangazo ni kazi ya namna nyingine. Kwa wimbo wako, unangoja wasikilizaji wanunue. Kwa tangazo, mteja mmoja ndiye anayevuna, tena anaendelea kuvuna wewe ukiwa umelala. Ndiyo sababu bei ya video ya tangazo la duka haiwezi kuwa sawa na ya sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani, hata kama kamera ni ile ile na saa ni zile zile.

La pili ni tamasha la Zaïre 74. Tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974, Kinshasa ilipokea James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz na wengine, na TP OK Jazz ilipanda jukwaani pamoja nao. Ilikuwa kabla ya ngumi ya Muhammad Ali na George Foreman, iliyopigwa tarehe 30 Oktoba. Wale wapiganaji wawili, kila mmoja alikuwa ameahidiwa dola milioni 5 kabla hajavaa glavu.

Kamera nyingi zilipiga tamasha na ngumi. Lakini mabishano ya feza na ya haki yakazifungia zile filamu sandukuni. Filamu ya ngumi, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996, miaka 22 baadaye, ikapata Oscar. Filamu ya tamasha, Soul Power, ilitoka mwaka 2008. Franco mwenyewe hakuwahi kuiona. Kazi nzuri ya watu wenye ufundi ililala miaka mingi hivyo kwa sababu mambo ya nani anamiliki na nani analipa hayakuwa yamemalizwa. Ikiwa watu wakubwa vile walikwama, wewe wa Bukavu usione haya kuomba karatasi yenye sahihi kabla hujawasha kamera.

Mwisho wake, na vyombo vilivyorudishwa

Miaka ya 80 Franco alikaa sana Ulaya. Orkestra ikawa na kikosi kimoja kule na kingine Kinshasa. Mwaka 1985 akatoa Mario, na mwaka 1987 wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya SIDA. Kisha ugonjwa ukampunguza. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1989 katika hospitali ya Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Serikali ikatangaza siku nne za kilio, na Kinshasa ikamsindikiza mpaka makaburi ya Gombe.

Wenzake, Simaro Lutumba akiwa mbele, waliendelea na TP OK Jazz. Lakini familia ya marehemu na wanamuziki hawakupatana juu ya mgawo wa mapato. Mwisho wa mwaka 1993 wanamuziki wakarudisha vyombo kwa familia, wakaondoka. Mwanzoni mwa 1994 Simaro na wenzake wakaunda Bana OK. Orkestra ya miaka 37 ilikufa bila kukosa nyimbo wala wapenzi. Ilikufa kwa swali la nani anachukua ngapi, swali lile lile ambalo mtoto wa miaka 15 hakuliuliza alipopewa gitaa la studio.

Tuchukue nini

Tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu, kila mmoja ataweka namba zake. Tuseme kamera na vifaa vyako ni dola 1200, na vitadumu miaka miwili. Unapata kazi tano kwa mwezi, yaani 120 kwa miaka miwili. Kila kazi inakula dola 10 za kamera. Ili uishi, ulipe nyumba na kula, unahitaji dola 300 kwa mwezi: gawanya kwa kazi tano, ni 60. Msaidizi na usafiri, 20. Umeme, mafuta na intaneti ya kutuma video, 10. Jumla ni dola 100, na hapo hujaweka hata kumi ya siku kamera itakapoanguka ao utakapougua malaria. Aliyekubali kazi ile kwa dola 50 hakupunguza bei. Amemwongezea mteja dola 50 za mfukoni mwake.

Mtu anayeanza anaweza kuchukua kidogo, hakuna ubaya. Hata Franco alianza bure kwenye meza ya mama. Lakini iwe unajua ni kiasi gani umeacha, kwa nini umekiacha, na mpaka lini. Kumfanyia ndugu ndoa yake kwa nusu bei ni jambo moja. Kufunga miaka kumi kwa sababu umeona gitaa linang'aa ni jambo lingine.

Omba avanse kabla ya kuanza. Andika siku ngapi za kupiga, siku ngapi za montaji, mara ngapi mteja anaweza kuomba mabadiliko, na picha zitatumika wapi. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi inalinda filamu sawa na inavyolinda wimbo na kitabu. Na muongee kati yenu: wapiga picha wa Ibanda, Kadutu na Bagira wakijua bei za wenzao, mteja hatawazungusha mmoja baada ya mwingine mpaka ampate mwenye njaa kuliko wote.

Ukipita leo kwenye terasi moja ya Bukavu jioni, pengine utasikia gitaa la Franco kutoka kwenye baffle ya zamani. Sikiliza vizuri, ni tamu. Kisha ukumbuke kama aliyelipiga alichukua miaka mingi kuwa mwenye hilo gitaa.

Ikiwa wewe ni mtu wa kamera na una namna yako ya kupanga bei, pita kwenye radio utuambie, wenzako wanangoja kusikia.